Ngina Apunguza Chumvi

Katika Gatongora yote, pembeni mwa mji wa Ruiru, mtu akitaka kuoa, kuzika au kufungua nyumba mpya, kwanza alimtafuta Ngina, ndipo akamtafuta mchungaji. Mchungaji angeweza kukopwa kutoka kanisa la jirani. Ngina hakuwa na wa kushika mahali pake. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye mabega mapana na sauti ya kupasua moshi, na alikuwa akiinua sufuria ya wali kutoka motoni bila kuita mwanamume. Watu walisema pilau yake huvuta hata wasioalikwa. Mwenyewe hakuficha alivyoipika. Mafuta yasiyopimwa, supu ya mifupa, na chumvi ya kuchota kwa kiganja. Alionja, akaongeza, akaonja tena.

Mumewe Kiama, dereva wa lori la mawe ya kujengea, alikuwa amekula mapishi hayo tangu walipooana na hakuwahi kulalamika. Binti yao Becky, aliyeuza simu katika duka moja mjini Ruiru, ndiye pekee aliyethubutu kusema neno.

"Mathe, hiyo chumvi ni ya sufuria moja ama ya mtaa mzima?"

"Wewe kula," Ngina alimjibu. "Ukipika yako utapima na kijiko."

Maisha yalikuwa hivyo mpaka Jumamosi moja ya mwezi wa nane. Siku hiyo Ngina alikuwa Kamenu, mjini Thika, akiwapikia wageni waliokuja kujadiliana mahari kwa jirani wa dada yake. Dada huyo, Tabby, alikuwa amemtangulia kuzaliwa kwa miaka michache. Alikuwa mwembamba kama fimbo, akiuza nguo za mitumba sokoni, mtu wa kuamka kabla ya majogoo na kutembea na mzigo mgongoni. Hakuna aliyewahi kumwona kitandani kwa ugonjwa. Alikuwa amekuja kumsaidia Ngina kumenya viazi.

Tangu asubuhi Tabby alikuwa anasema amechoka. Hakuna aliyemsikiliza sana, maana kila mwanamke aliyekuwa pale jikoni alikuwa amechoka. Kisha, wageni wakiwa wameanza kuketi, Tabby aliweka kisu chini polepole, akashika taya.

"Ni jino?" Ngina akamwuliza.

"Sijui kama ni jino. Maumivu yanapanda kutoka mgongoni. Na ninasikia kutapika."

"Hiyo ni asidi," akasema mama mmoja aliyekuwa akikata vitunguu. "Mpe maziwa."

"Ni njaa," akasema mwingine. "Hajakula tangu asubuhi."

Ngina alichukua kikombe cha maji, akatia magadi kidogo kama mama yao alivyokuwa akiwafanyia tumbo likisumbua. Alikuwa anakoroga alipomtazama dada yake usoni. Kulikuwa na baridi ile ya Agosti, kila mtu amevaa sweta, lakini uso wa Tabby ulikuwa umelowa jasho, matone makubwa yakishuka mpaka shingoni, na midomo yake imepoteza rangi. Ngina aliweka kikombe chini.

"Tunaenda hospitali."

"Na sufuria?" Tabby akanong'ona. "Nani ataangalia sufuria?"

"Wacha ziungue."

Katika miaka yote ya kupika, Ngina hakuwa amewahi kuacha chungu motoni. Siku hiyo aliondoka na aproni yake, mwiko ukiwa bado mkononi, na akagundua ameushika walipokuwa tayari ndani ya gari la jirani, Tabby ameegemea bega lake akipumua kwa shida.

Hospitalini walipokelewa na daktari kijana aliyeitwa Opiyo. Hakupoteza wakati kwa maswali mengi. Alimlaza Tabby, akambandika nyaya kifuani, na mashine ikachora mistari kwenye karatasi. Alipoitazama karatasi ile, hatua zake zilibadilika. Wauguzi wakaitwa, dawa ikatafunwa, nyingine ikapitia kwenye mshipa, na Ngina akaambiwa asubiri nje.

Alisubiri kwenye benchi akiwa na mwiko wake mapajani. Jioni ilipokaribia, Daktari Opiyo alitoka na kuketi kando yake, jambo ambalo lilimtisha Ngina kuliko kama angesimama.

"Dada yako atapona," akasema. "Mshipa mmoja unaopeleka damu kwenye moyo ulikuwa umeziba. Dawa imeufungua. Mngekaa mpaka wageni wamalize kula, sijui tungekuwa tunazungumza nini sasa."

Ngina alivuta pumzi. "Lakini daktari, hakushika kifua. Mimi najua mtu wa moyo hushika kifua anaanguka."

"Wengi hushika kifua, hata wanawake. Lakini wanawake wengine wanakuja na vitu vingine. Uchovu usioeleweka, kichefuchefu, taya, mgongo, jasho la baridi, kukosa pumzi. Wanapewa maziwa nyumbani, wanaambiwa ni asidi."

Ngina alikumbuka magadi yake.

"Na ni mwembamba," akasema baadaye. "Angekuwa mimi, ningeelewa."

"Presha haiangalii unene. Yeye anayo, na nadhani amekaa nayo miaka mingi bila kujua. Na wewe umewahi kupimwa?"

"Mimi siumwi mahali."

"Hata yeye juzi hakuwa anaumwa mahali," Daktari Opiyo akasema, na kumwita muuguzi.

Kitambaa cha mashine kilimbana mkono. Muuguzi alisoma, akasubiri kidogo, akapima tena upande wa pili. Nambari ya juu ilikuwa imepita mia moja na themanini. Daktari hakupandisha sauti. Alimwuliza tu swali ambalo Ngina hakulitarajia.

"Ulipokuwa na mimba, presha iliwahi kupanda?"

Ngina alilazimika kurudi nyuma zaidi ya miaka ishirini. Alikumbuka mimba ya Becky, miguu iliyovimba mpaka viatu vya Kiama vikawa ndivyo pekee vinavyoingia, kichwa kilichogonga kama mtwangio, na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati wake, mdogo wa kutoshea kati ya kiganja na kifundo cha mkono. Waliambiwa presha itaisha mtoto akizaliwa. Ikaisha. Wakamshukuru Mungu, wakasahau.

"Ilishuka," Daktari Opiyo akasema, "lakini ilikuwa imekuonyesha udhaifu wa mishipa yako. Mwanamke aliyepata presha ya mimba anafaa kupimwa kila mwaka, maisha yake yote. Na hedhi ikishakoma, hatari inaongezeka. Hukuambiwa?"

"Kama niliambiwa, sikusikia. Nilikuwa namwangalia mtoto."

Alirudi Gatongora na dawa zake, dada yake akiwa bado wodini. Usiku ule alipika ugali na sukuma wiki, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe, alichukua chumvi kwa ncha ya vidole. Kiama alitafuna, akatafuna, akaangalia sahani.

"Umesahau kitu?"

"Sijasahau."

Kiama alikula akamaliza. Alipoona mke wake anafuta macho kando ya jiko, alisema chakula ni kitamu. Ulikuwa uongo, na wote wawili walijua, lakini Ngina aliuhifadhi uongo ule moyoni kwa shukrani.

Miezi iliyofuata haikuwa rahisi. Aketch, jirani aliyepanga nyumba iliyofuata, alifanya kazi katika kiwanda cha nguo na alikuwa na mazoea ya kutembea alfajiri kando ya mashamba ya kahawa kabla ya kuingia zamu. Alikuwa akimpita Ngina akiwasha jiko na kumsalimu tu. Sasa Ngina alimwomba waende pamoja. Asubuhi ya kwanza alifika kwenye kona ya ua wa kahawa akaketi juu ya jiwe, akihema.

"Nenda tu," akamwambia Aketch. "Utanikuta hapa ukirudi."

"Hapana, Mama Becky. Hilo jiwe kesho tutalipita kidogo. Leo tumelifikia."

Na kweli kesho yake walilipita kidogo. Aketch hakuwahi kumharakisha. Alimweleza habari za kwao Siaya, za watoto wake, za msimamizi wa kiwandani anayependa kupiga kelele, na Ngina akiwa anasikiliza alijikuta amefika mahali ambapo hakujua angefika.

Kitu kilichomshinda kilikuwa dawa. Wiki chache baada ya kuanza kuzimeza, kikohozi kikavu kilimwingia kooni na kikakataa kutoka. Kilimjia akiwa amesimama juu ya sufuria za watu. Mpishi anayekohoa hapendwi popote. Katika harusi moja kule Mwihoko alimwona bibi wa heshima akisogeza sahani kando baada ya kumsikia, na aibu ile ilimkata kuliko maumivu yoyote. Kesho yake aliacha dawa. Hakumwambia Kiama, wala Becky, wala Aketch. Kikohozi kikaisha. Alijisikia vizuri, mwepesi, mwenye nguvu, akaamua kwamba kutembea na kupunguza chumvi kunatosha.

Ni Tabby aliyemfumania. Alikuwa ametoka hospitalini, anatembea polepole lakini anatembea, na kila mwezi alikwenda zahanati moja ya Kamenu kupimwa na muuguzi anayeitwa Mutheu. Alimlazimisha Ngina amsindikize. Mutheu alipomaliza na Tabby, alimvuta Ngina kiti.

"Na mdogo mtu."

"Mimi niko sawa. Naskia poa kabisa."

Kitambaa kikabana. Mutheu akasoma, akamtazama. "Dawa unakunywa?"

Ngina alitazama ukutani. Tabby akageuka.

"Ngina, nakuuliza mimi," Tabby akasema, kwa sauti ileile aliyokuwa akimwita nayo walipokuwa wasichana. "Unakunywa?"

"Zinanikohoza," Ngina akasema. "Nitapikia watu aje nikikohoa?"

Alisubiri kugombezwa. Mutheu alivuta tu droo.

"Mbona hukurudi ukasema? Ile dawa uliyopewa hukohoza watu wengine. Siyo wewe wa kwanza. Daktari wetu yuko hapo ndani, atakubadilishia. Ziko nyingine nyingi. Lakini usiache tena kwa sababu unajisikia vizuri. Presha haina sauti. Unajisikia vizuri mpaka siku ile hujisikii."

Walitoka na dawa mpya. Wakiwa kwenye ngazi za zahanati, Tabby alimshika mkono.

"Mimi ulinitoa kwa sufuria za watu ukaniweka kwa gari," akasema. "Sasa ukinifia, nani atanitoa siku nyingine?"

Ngina hakukohoa tena, na hakuacha tena.

Ikabaki kazi yenyewe. Kupunguza chumvi nyumbani ni jambo moja. Kupunguza chumvi katika sherehe za Wakikuyu na Wajaluo na Wakamba waliolipia kushiba ni jambo lingine. Alijaribu mara moja bila kujiandaa, akatoa tu chumvi na mafuta na kuacha mengine yalivyokuwa. Mwenye sherehe alimwambia mbele ya watu kwamba chakula kilikuwa kama cha wodini. Habari zilisambaa. Wateja wawili walimhama, wakaenda kwa Wamboi, mpishi maarufu wa Thika ambaye mafuta yake yalikuwa yakielea juu ya mchuzi mpaka unaweza kujitazama ndani.

Ngina alikasirika siku mbili, kisha akaanza kupika upya kama msichana anayejifunza. Alimwuliza Aketch jinsi wanavyopika mboga za kienyeji kwao, zile zinazolazwa kwenye maziwa zikapoteza uchungu na zisihitaji chumvi nyingi. Aketch akamletea njugu za kukaanga na kusaga, na akamwonyesha namna zinavyofanya mchuzi uwe mzito na mtamu bila mafuta ya kopo. Ngina akagundua kwamba kitunguu kikikaangwa polepole mpaka kiwe kahawia kinatoa utamu uliokuwa umefichwa na haraka zake zote za miaka iliyopita. Nyanya zikiachwa ziive mpaka zikauke, zinakuwa kali zenyewe. Tangawizi na saumu vinaamsha ulimi. Na limau, likikamuliwa mwishoni kabisa, sufuria ikiwa imeshatolewa motoni, ulimi unadhani umeonja chumvi. Kiama ndiye aliyekuwa mwonjaji. Siku moja alimaliza sahani, akaomba nyingine, na safari hii haukuwa uongo.

"Hii umeweka chumvi," akasema.

"Ncha ya kijiko, kwa sufuria nzima."

"Wacha mchezo."

"Muulize Becky."

Becky alikuwa mlangoni akila akiwa amesimama. "Ni ukweli, Baba. Hata mimi nilidhani amerudi kwa dhambi."

Wakati huo ndipo mkutano wa mwaka wa akina mama wa kanisa ulipokaribia. Kila mwaka wanawake wa makanisa ya Ruiru na Thika walikutana mahali pamoja kuanzia asubuhi mpaka jioni, na mwaka huo zamu ya kuwapokea ilikuwa ya Gatongora. Mwenyekiti wao, Carolyne, aliitisha kikao kuamua nani atapika. Wamama wa Thika walimtaka Wamboi. Wa Gatongora walimtaka Ngina, lakini kwa sauti ndogo kuliko zamani.

"Sisi tunampenda Mama Becky," akasema mmoja. "Lakini wageni hatuwezi kuwapa chakula cha wagonjwa."

Ngina alikuwa ameketi nyuma. Alisimama. "Tupike wote wawili," akasema. "Wamboi upande mmoja, mimi upande mwingine. Mtu achague sufuria anayotaka. Mwisho wa siku mtaangalia za nani zimebaki."

Wamboi, mwanamke mnene mcheshi mwenye kicheko kikubwa, alipenda wazo hilo mara moja. "Mimi niko tayari. Lakini usilie, mama."

Tabby naye aliomba ruhusa ya kusema. Alitaka Mutheu aje na wenzake wapime presha za akina mama. Carolyne alikubali, ila akatilia shaka kama watu watakwenda. Mwaka mwingine waliwahi kuleta wapimaji wa sukari, wakakaa hemani peke yao wakisoma simu.

"Hema lisiwekwe kando," Tabby akasema. "Liwekwe kwenye laini ya chakula. Unapimwa, unachukua sahani. Ni laini moja."

Kikao kizima kilicheka, halafu kikaona kwamba inawezekana.

Siku ya mkutano, Ngina na wasaidizi wake waliwasha moto kabla jua halijachomoza. Alikuwa na pilau, kuku wa mchuzi wa njugu, mboga za kienyeji, na sufuria kubwa ya njahi, yale maharagwe meusi ambayo kwa mwanamke wa Kikuyu ni chakula cha heshima, hasa aliyejifungua. Njahi ndiyo iliyokuwa roho ya mapishi yake. Alikuwa amezilowesha, akazichemsha, akaziunga kwa vitunguu vya kahawia na dania. Kando yake zilikuwa sufuria za viazi na ndizi zilizochemshwa bila chochote, zikisubiri kupondwa.

Kiama alikuwa amechukua ruhusa kazini ili asaidie kuinua sufuria. Tangu asubuhi alikuwa akienda upande wa Wamboi na kurudi akiwa na uso mzito. Harufu ya mafuta na nyama ya upande ule ilikuwa inatawala uwanja mzima, na wamama walikuwa wakipita pale wakisema, leo tunakula hapa. Ngina alipokwenda kuzungumza na Carolyne kuhusu maji, Kiama alibaki peke yake na ile njahi.

Ngina aliporudi alichota kidogo kwa mwiko, akaonja. Akasimama. Akaonja tena.

"Nani ameshika hii sufuria?"

Wasaidizi walitazamana. Kiama alitazama viatu vyake.

"Baba Becky."

"Ni kidogo tu," akasema. "Niliona watu wote wanaenda kule. Sikutaka wakuaibishe."

"Kidogo gani?"

Alimwonyesha kwa viganja viwili vilivyokunjwa pamoja.

Ngina aliweka mwiko chini. Ndani yake hasira ilipanda, na nyuma ya hasira kulikuwa na kitu kingine, kwa sababu alijua kwamba mwanamume huyu mkubwa wa kuendesha lori alikuwa ameiba chumvi kama mtoto, kwa ajili ya kumpenda. Lakini sufuria ilikuwa imeharibika. Kutoka jukwaani sauti ya Tabby, aliyepewa nafasi ya kusimulia yaliyompata, ilikuwa imeanza kusikika kwenye kipaza sauti, na baada ya Tabby kulikuwa na maombi, na baada ya maombi watu wangekula. Muda wa kuchemsha njahi nyingine haukuwepo. Msaidizi mmoja alisema wazipakue tu, hakuna atakayejua.

"Mimi nitajua," akasema Ngina.

Macho yake yakaangukia kwenye viazi. Sufuria zote zile za viazi na ndizi, hakukuwa na chembe ya chumvi ndani. Alivuta kiti cha miguu mitatu, akakunja mikono ya sweta.

"Leteni miti ya kuponda. Gawanyeni hizi njahi, kila sufuria ya viazi ipate kiasi. Maji ya njahi yamwageni, msitie hata tone. Kiama, wewe una mikono, ponda."

Waliponda. Kiama aliponda kama anayetwanga makosa yake, jasho likimtiririka. Njahi zikapasuka, viazi vikageuka rangi ya majivu na zambarau, ndizi zikaleta utamu wake, na ile chumvi iliyokuwa imezidi kwenye sufuria moja ikatawanyika mpaka ikabaki kionjo tu. Ngina akatia vitunguu vya kahawia vilivyosalia, dania nyingi, na limau. Akaonja. Akampa Aketch, aliyekuwa ameomba siku ya mapumziko kiwandani ili aje kusaidia.

Aketch aliweka kijiko mdomoni akafumba macho. "Hii si chakula cha wagonjwa," akasema.

Jukwaani Tabby alikuwa anamaliza. Hakuwa msemaji, na alikuwa ameshika kipaza sauti kwa mikono yote miwili.

"Mimi nilidhani mtu wa moyo ni mnene, ni mzee, ni mwanamume," aliwaambia. "Nikadhani nimechoka kwa kazi. Waliokuwa karibu wakadhani ni asidi. Kama dada yangu hangenitazama usoni, mngekuwa mmenichangia jeneza. Kwa hivyo leo kabla ya kula, utapimwa. Na ukisikia taya, mgongo, jasho, uchovu wa ajabu, usingojee wageni wamalize. Nenda."

Laini ilianza. Wanawake walipita hemani kwa Mutheu na wenzake wakiwa na sahani mikononi, wakicheka, wakikunja mikono ya mablauzi. Wengine walitoka wakiendelea kucheka. Wengine walitoka kimya, wakiwa na karatasi ndogo ya kurudi kliniki, na wenzao wakawashika mabega. Hata Carolyne mwenyewe alitoka na karatasi.

Mwanzoni watu wengi walikwenda kwa Wamboi, na Ngina aliliona hilo kwa macho yake, akaendelea kupakua. Kisha bibi mmoja mzee wa Thika akachukua kijiko cha ile njahi iliyopondwa, akala akiwa amesimama, akarudi kuchukua sahani ya rafiki yake. Rafiki akarudi na wengine. Habari ikapita kwenye meza, kwa Kikuyu, kwa Kijaluo, kwa Kiswahili, kwamba upande wa kushoto kuna kitu. Laini ikapinda. Jua lilipoanza kuelemea magharibi, sufuria za Ngina zilikuwa zimekwanguliwa mpaka chini, na wasaidizi walikuwa wakiwaambia wamama samahani. Kwa Wamboi pilau ilikuwa imebaki sufuria nzima.

Wamboi alikuja mwenyewe jikoni kwa Ngina. Hakuwa anacheka. Mkononi alikuwa na karatasi ndogo.

"Wamenipima," akasema. "Wamenipima mara mbili. Yule muuguzi ameniambia leo hii nipitie hospitali, nisingoje kesho."

Ngina alimvutia kiti. "Kichwa kinauma? Kifua?"

"Hakuna kinachouma. Hilo ndilo linanishangaza."

"Hata mimi sikuwa naumwa." Ngina alikwangua pembeni ya sufuria, akapata kijiko kimoja cha mwisho, akampa. "Kula hiki, halafu hospitali mnaenda pamoja na Tabby. Atakupeleka mpaka mlangoni. Anawajua wote huko."

Wamboi alikula. Alikaa na ladha ile mdomoni kwa muda. "Umetia nini?"

"Kesho nitakuambia. Leo nenda."

Aliwasindikiza mpaka getini, Tabby akiwa amemshika Wamboi mkono na kumweleza habari za dawa zinazokohoza na zisizokohoza. Aliporudi alipita hemani, Mutheu alikuwa anakunja mashine yake.

"Umepima dunia nzima," Ngina akamwambia. "Mimi hujanipima."

"Ulikuwa unapika."

Alikaa, akanyoosha mkono uliokuwa unanuka dania na moshi. Kitambaa kikabana, kikalegea. Mutheu aliangalia, akamgeuzia mashine ajionee. Nambari zilikuwa zile ambazo Daktari Opiyo alimwambia siku moja atazifikia akivumilia.

"Rudia," Ngina akasema.

Mutheu akarudia. Zilikuwa zilezile.

Ngina alitoka hemani akatembea polepole kuvuka uwanja uliotapakaa viti, huku wamama waliokuwa wakiondoka wakimpungia mikono na kumwita kwa jina. Moyo ulikuwa unampiga, lakini kwa furaha. Nyuma ya jikoni alimkuta Kiama amechuchumaa kati ya sufuria nyeusi, mikono imejaa majivu na sabuni, akisugua.

"Zimeshuka," akamwambia.

Kiama aliacha kusugua. Alimtazama usoni, akafuta macho kwa kiwiko kwa sababu viganja vilikuwa na masizi.

"Kwa hivyo nimesamehewa ile chumvi?"

Ngina aliketi kwenye kiti cha miguu mitatu, akanyoosha miguu yake iliyochoka, akacheka mpaka Aketch akatokeza kichwa kuangalia kuna nini.

"Sugua kwanza," akasema.